Ukikaza Sana, Unalegeza

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wenu hamtawahi kushika maishani: risasi za bastola ambazo watu wa Marekani wanazijaza upya wenyewe nyumbani. Najua unajiuliza hiyo inakuhusu nini wewe uko Umoja unangoja matatu. Nipe dakika kumi. Kuna kosa moja ambalo watu wa hiyo hobi hulifanya tena na tena, na ni kosa ambalo sisi huku pia tunalipenda sana.

Kabla mtu aniingilie kwa DM kuuliza kama nimeanza ujambazi, wacha niweke mambo wazi. Hapa Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni hatia chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hiyo stori ya "afande, ni hobi tu" haitakutoa ndani. Risasi zetu zina kiwanda chake cha serikali kule Eldoret, si kwa meza ya jikoni ya mtu. Kwa hivyo hapa hutapata kiasi cha baruti wala hutapata maelekezo ya kufanya. Utapata maoni.

Na maoni yangu ni haya: kitu hushikana kwa sababu vipimo vyake vilikubaliana toka mwanzo. Hakishikani kwa sababu mtu alikuja mwisho akakikaza kwa hasira. Kila "kaza tu, itashika" unayosikia ni deni, na kuna mtu atalilipa.

Sasa twende kwa risasi, ndio uone vile hiyo kauli si falsafa ya kwenye kikombe.

Kwa Kiswahili tunaita kitu chote "risasi", lakini kiko na sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kama asilimia 70 kwa 30. Kuna praima, kale kakifuniko ka chini kanakotoa cheche kakigongwa. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, kile kipande kinachoruka. Ukipiga, kichwa kinaenda, baruti inaisha, praima inaisha. Ganda linabaki. Msee wa Texas ama Ohio anaokota hilo ganda, analisafisha, na kwao sheria ya nchi inamruhusu alijaze tena kwa matumizi yake mwenyewe. Wengine wanafanya hivyo kuokoa pesa, wengine ni washindani wa kulenga shabaha wanaotaka kila risasi ifanane na ya jana.

Ganda likishapigwa huwa limevimba. Kwa hivyo linaingizwa kwa kalibu ya chuma inayolirudisha kuwa jembamba, hata jembamba kuliko kichwa kitakachoingia. Halafu mdomo wake unapanuliwa kidogo tu ili kichwa kikae wima bila kukwaruzwa. Kichwa kinashindiliwa ndani. Mwisho kuna hatua inaitwa krimpi, ambapo mdomo wa ganda unarudishwa ndani ufuate mwili wa kichwa.

Chukua risasi ya 9mm Luger, ile ambayo Georg Luger aliitoa mwaka wa 1902 na ambayo mpaka leo iko kwa bastola za polisi na wanajeshi karibu kila nchi. Kichwa chake cha kawaida kina upana wa inchi 0.355, ambayo ni milimita 9.02 hivi. Ganda likitoka kwa kalibu na kupanuliwa vizuri, tundu lake linakuwa dogo kuliko kichwa kwa elfu mbili au tatu za inchi. Hiyo ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita, ama zaidi kidogo. Ng'oa unywele wako mmoja uangalie unene wake. Tunaongea kuhusu hicho kipimo.

Kichwa kikisukumwa kwa tundu dogo kuliko chenyewe, brasi inapanuka kidogo na kutaka kurudi. Haiwezi kurudi kwa sababu kichwa kimekaa hapo. Kwa hivyo inakibana, pande zote, kwa urefu wote ambao kichwa kimeingia. Wenyewe wanaita huo mkazo wa shingo, ingawa ukiangalia vizuri ganda la 9mm halina shingo. Shingo ni ya risasi za raifo, zile ganda lake limekaa kama chupa ya soda. La bastola ni mrija tu, mpana kidogo chini na mwembamba kidogo juu. Jina lilitoka kwa raifo likakwama. Ila hilo jina linadanganya watu, kwa sababu wanafikiri mshiko uko mahali pamoja, pale juu mdomoni. Kumbe mshiko uko kwa ukuta mzima.

Sasa shida iko wapi?

Shida ni kwamba bastola inayojipakia yenyewe haina heshima kwa risasi. Sehemu ya juu inarudi nyuma, ikija mbele inaikwangua risasi kutoka kwa magazini na kuisukuma kwa nguvu iingie kwa mtutu. Njiani, pua ya kichwa inagonga mteremko wa chuma. Kama ganda limekishika kichwa vizuri, hakuna kitu. Kama halijakishika, kichwa kinarudi ndani. Hata milimita moja tu. Na msee anayetoa risasi kwa mtutu kila jioni na kuirudisha ileile kila asubuhi, anaigongesha hapo kila siku.

Utasema, milimita moja ni nini kwa kitu kirefu karibu milimita 30? Hapa ndipo fizikia inakuwa noma. Ganda la 9mm ni fupi, urefu wake ni milimita 19 na kidogo, na kichwa tayari kimekula sehemu ya hiyo nafasi. Baruti imebakishiwa chumba kidogo. Ukikipunguza zaidi, gesi inabanwa mapema. Na baruti hii ya kisasa ina tabia moja: shinikizo likipanda, inaungua haraka zaidi, na ikiungua haraka zaidi shinikizo linapanda tena. Haiongezeki kwa ngazi, inaongezeka kama deni la zile app za mikopo.

Ili ujue tunacheza na nini: kiwango cha juu kilichowekwa na SAAMI, lile shirika la viwanda vya risasi la Marekani lililoanza mwaka wa 1926, ni psi 35,000 kwa 9mm ya kawaida. Tairi ya Vitz huwa unaijaza psi 30 hadi 35. Kwa hivyo ni kama mara elfu moja ya hiyo tairi, iko sentimita chache kutoka kwa vidole vya mtu na si mbali na macho yake. Na hicho ndicho kiwango kinachoruhusiwa, kabla kichwa hakijarudi nyuma.

Kwa rivolva mambo yanageuka. Huko risasi zimekaa kwa ngoma, na moja ikilipuka bunduki inarushwa nyuma kwa nguvu. Zile risasi zilizobaki zinavutwa nyuma pamoja na bunduki, lakini vichwa vyake ni vizito na vinataka kubaki mahali vilipokuwa. Kama havijashikwa, vinatambaa kwenda mbele, vinatokeza, na ngoma inakwama isizunguke. Bastola moja inasukuma kichwa ndani, nyingine inakivuta nje. Ugonjwa ni uleule: mshiko haupo.

Sasa ndio tufike kwa lile kosa.

Msee akigundua vichwa vyake vinacheza, unajua anafanya nini? Anaenda kwa ile hatua ya mwisho, krimpi, na kukaza. Inaonekana ni akili, si ndiyo? Kitu kimelegea, kaza. Nimetazama video nyingi za hawa wazee wakiwa kwa gereji zao, na hiyo ni mojawapo ya ushauri unaorudi sana kwa komenti. "Ongeza krimpi." Krimpi ikiwa haijatosha, ongeza ingine.

Kwa risasi kama 9mm, hiyo ni kuharibu kwa bidii. Nitakueleza na chapati.

Kanda unga wa chapati, ufanye donge. Tafuta kipete cha chuma chenye springi, kile kikibanwa kinataka kurudi. Kivishe lile donge, halafu ukibane kwa nguvu mpaka kiingie kwa unga. Sasa achilia. Kipete kitarudi nje kidogo, kwa sababu ni springi. Unga hautarudi. Pale ulipobanwa ndipo utabaki. Kwa hivyo kati ya kipete na unga kuna nafasi ambayo haikuwepo kabla hujaanza kusaidia.

Brasi ndio kipete. Risasi ya madini, ile ledi iliyo ndani ya kichwa, ndio unga. Brasi ina springi, ledi haina. Ukikaza krimpi kupita kiasi, unakifinya kichwa kinakuwa chembamba, halafu brasi inarudi nje kidogo, na ule mshiko uliokuwa nao mwanzoni unapungua. Umekaza mpaka ukalegeza. Na kwa nje inaonekana safi sana, mdomo umejikunja vizuri, ungepiga picha upost.

Na si hiyo tu. Risasi ya 9mm ikiwa kwa mtutu, kinachoisimamisha isizame ndani zaidi ni ukingo wa mdomo wa ganda lake. Ukikunja huo ukingo sana, umeondoa kizuizi. Risasi inaweza kuzama kuliko inavyotakiwa, na praima isigongwe sawasawa. Kama kichwa kimepakwa tu utando mwembamba wa shaba, krimpi kali inaweza kuukata huo utando, na hapo usahihi wa kulenga unaharibika pia. Hiyo yote kwa sababu ya kutaka kurekebisha mwisho kitu kilichoharibika mwanzo.

Kwa 9mm, kazi ya krimpi ni ndogo na ya adabu: kuondoa ule upanuzi mdogo wa mdomo uliosaidia kichwa kuingia. Basi. Inafunga mlango. Haibebi nyumba.

Sasa wanaojua kazi wanafanyaje wakipata vichwa vinavyocheza? Wanarudi nyuma. Wanauliza: hiki kichwa kina upana gani kweli, si ule ulioandikwa kwa boksi? Vya ledi tupu mara nyingi huwa vipana kuliko vya kuvishwa shaba, 0.356 ama zaidi. Je, kile kijiti kinachopanua mdomo kinalingana na hicho kichwa, ama kinafungua sana? Maganda yametoka kiwanda kimoja ama ni mchanganyiko wa yaliyookotwa? Kwa sababu kuta za ganda hazina unene sawa kwa kila kiwanda. Ganda lenye ukuta mwembamba, kwa mashine ileile iliyowekwa vilevile, linashika kidogo. Na yamepigwa mara ngapi? Brasi ikifinywa na kupanuliwa mara nyingi inakuwa ngumu, na haitii kalibu kama zamani.

Halafu wanajaribu. Wanapima urefu wa risasi nzima kwa kalipa, wanaisukuma pua yake kwenye ukingo wa meza, wanapima tena. Kama namba ni ileile, ukuta unashika. Kama imepungua, hakuna mjadala, hiyo ganda haijashika hata kama inang'aa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hakuna "naona kama iko poa". Kuna namba ya kwanza na namba ya pili.

Najua kuna mtu atasema: lakini krimpi iko hata kwa risasi za kiwandani. Kweli. Na kwa rivolva zenye nguvu kama .357 Magnum, krimpi ya kukunja kabisa, inayoingia kwa mfereji uliochongwa kwenye kichwa, ni ya lazima. Huko ganda linasimamishwa na ukingo wa chini, si mdomo, kwa hivyo kukunja mdomo hakuharibu hesabu. Sijasema krimpi ni mbaya. Nasema krimpi iliyopewa kazi ya ukuta ni mbaya. Hata kwenye .357, kama ukuta haushiki, hiyo krimpi inafanya kazi peke yake, na peke yake haitoshi.

Mwingine atasema: mimi nimekaza hivyo miaka kumi na vidole vyangu viko kumi. Poa, nafurahi kwa ajili yako. Lakini bahati haina alama kwa kalipa. Viwango viliwekwa na nafasi ya usalama ndani yake, na wewe umekuwa ukila hiyo nafasi kimyakimya miaka kumi. Hujathibitisha kwamba uko sawa. Umethibitisha kwamba bado.

Sasa wacha tuwaache wazee wa Ohio na gereji zao, turudi mtaani, kwa sababu nilikuahidi hii inakuhusu.

Beringi ya gurudumu la pikipiki inakaa kwa habu kwa njia ileile. Tundu la habu limechongwa dogo kuliko beringi, kidogo sana, ile ya unywele. Beringi inaingia kwa nguvu, na chuma cha habu kinaishika pande zote. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Vipimo tu. Siku tundu likiisha kwa sababu beringi iliyokufa ilizungushwa ndani yake miezi mingi, mshiko unaisha pia.

Umeshaona venye inarekebishwa. Fundi anachukua ponchi na nyundo, anapiga vishimo kuzunguka lile tundu ili chuma kiinuke viupele viupele. Ama anakata kopo la soda, anazungusha kipande kwa beringi, anagonga inaingia. "Sasa imekaza, boss. Hata ukitaka kuitoa haitatoka." Na kweli siku hiyo imekaza. Lakini haijashikwa na ukuta. Imeshikwa na vidoti kumi vya chuma, na vidoti vinasagika. Ile ni krimpi. Imefanywa kwa mshikaki wa watu watatu unaopita Outering Road saa moja jioni.

Binamu yangu anaendesha boda Kayole. Alipigiwa ponchi hivyo, si mara moja. Kila mara iliposhika, ilishika wiki mbili, tatu, halafu gurudumu likaanza kucheza tena. Alilipa mara tatu kabla mtu mmoja achukue kalipa aweke ndani ya habu na kumwambia, "Hii imekwisha, nunua habu." Habu ilikuwa ghali kuliko ponchi moja. Haikuwa ghali kuliko ponchi tatu na siku nne za kukaa bila kazi. Tena tunaongea kuhusu pesa tu, kwa sababu alibahatika kwamba gurudumu lilicheza akiwa kwa steji na si akiwa kwa spidi.

Simlaumu fundi wa ponchi kama mtu. Mteja ako na mia mbili na ana haraka, na kalipa nzuri ni pesa. Ninayemlaumu ni lile wazo. Wazo kwamba kukaza ni ushujaa na kupima ni woga. Msee akikaza kwa mkono wake wote hadi mshipa usimame shingoni, tunamwona fundi kweli. Akitoa kalipa, tunamwambia atupunguzie maringo.

Na shuleni hatukusaidiwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, lakini kabla nitoke nilikaa kwa lecha za aina za kuingiana kwa vyuma: ile ya kulegea, ile ya katikati, ile ya kubana. Tuliandika majedwali tukayakariri, tukayatapika kwa mtihani. Darasa zima, watu zaidi ya themanini, na hakuna aliyewekewa mikromita mkononi akaambiwa, "Pima hii, sasa sukuma hii, sikia." Ilibidi nikae na bando usiku, nitazame mzee mmoja wa ng'ambo akisukuma risasi kwenye ukingo wa meza, ndio hayo majedwali yapate maana. Kuna kitu hakiko sawa hapo, na si mimi.

Lakini wacha pia niguse watu wa kazi yangu, tunaotengeneza video. Sisi tunajua sehemu gani ya video watu huhepa. Ni ile ya kupima. Mtu akitoa kalipa, grafu ya watazamaji inashuka kama lifti. Kwa hivyo wengi wanaikata. Wanaacha kukata, kugonga, kukaza, muziki, tokeo linang'aa. Kisha kijana wa miaka kumi na saba anatazama "jinsi ya kurekebisha" ya sekunde arobaini, na sehemu iliyoondolewa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Zilizobaki ni densi.

Ukitazama wale wazuri wa hiyo hobi ya risasi, hawakati hapo. Mzee anapima kitu kimoja mara tatu mbele yako, anataja namba, anapima cha pili. Inaboesha. Lakini hawezi kuiruka, kwa sababu anajua kuna mtu atamwiga, na huyo mtu ana uso. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa video za kwetu: za umeme wa nyumba, za breki za pikipiki, za gesi ya kupikia. Kama hukuonyesha kipimo, usiite somo. Iite burudani na uwe mkweli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wengi wanasikia hiyo kama onyo la kuchelewa tu. Mimi nasikia pia kitu kingine: ufa unazibwa pale ulipo. Huwezi kuziba ufa wa msingi kwa kupaka rangi dirishani, hata ukipaka mara nne, hata rangi iwe ya bei. Krimpi juu ya ukuta usioshika ni rangi ya dirishani. Ponchi kwa habu iliyokwisha ni rangi ya dirishani.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachokuomba, na hakihitaji kalipa. Mtu yeyote akikukazia kitu ambacho maisha yako yataning'inia hapo, beringi, breki, paipu ya gesi, muulize maswali matatu. Kilikuwa kimelegea kwa nini? Umepima na nini? Tutajuaje kama imeshika, kabla niondoke hapa? Akijibu, mlipe hata na chai juu. Akisema "hii imekaza, niamini", usiondoke. Msukume kidogo kama ile risasi kwenye ukingo wa meza, uone kama namba itabaki ileile.

Kama kwa fani yako kuna "krimpi" yake, kitu watu hukaza mwisho kuficha kilichoharibika mwanzo, niachie kwa komenti. Mafundi wa simu, wasusi, washonaji, wapishi, nawaona. Nitasoma zote.